Je, Sindano ya Kila Siku Yapingana na Tawakali?

Ndugu mmoja, mkazi wa Dutwa katika wilaya ya Bariadi, ambaye bado hajaingia katika Uislamu lakini anauchunguza kwa moyo safi, ametuletea barua yenye maswali matatu. Mwanawe ana umri wa miaka 13, naye amekuwa akichomwa sindano ya insulini asubuhi na jioni tangu mwaka jana, kwa sababu ya maradhi ya kisukari. Anauliza: Ikiwa Mungu husikia maombi na kuponya, kwa nini mtoto wangu atumie dawa isiyo na mwisho? Tena anauliza kama dawa hiyo ni halali, kwani amesikia kwamba inatokana na nguruwe. Na mwisho, jamaa yake aliyeko Ulaya amemwambia kwamba huko wagonjwa huvaa mtambo mdogo unaowatilia insulini mwilini mchana na usiku. Je, mtoto wa mkulima wa pamba asiyeweza kununua mtambo huo amenyimwa rehema?

Barua hii imetugusa, kwa sababu nyuma ya maswali yake kuna uhai wa mtoto. Baba mwenyewe anakiri kwamba, baada ya kuyasikiliza maneno ya watu, aliacha kumpa mwanawe sindano kwa siku mbili, nyumba nzima ikiwa katika maombi. Jioni ya siku ya pili mtoto alianza kutapika na kupumua kwa nguvu kama aliyepanda mlima mbio, na pumzi yake ikanuka kama matunda yaliyoiva mno. Usiku ule ule alipelekwa hospitali kwa pikipiki, akanusurika. Mtu anayeandika baada ya usiku wa namna ile hatafuti mjadala, anataka jibu.

Kwanza yafaa ieleweke ni ugonjwa gani huu. Nyuma ya tumbo la chakula kila mwanadamu anacho kiungo kiitwacho kongosho. Ndani yake mna vifungu vidogo vidogo vya chembe hai, vinavyopata kama milioni moja, ambavyo vilielezwa kwa mara ya kwanza na Mjerumani Paul Langerhans katika mwaka 1869, wakati alipokuwa mwanafunzi wa udaktari. Naye hakujua kazi yake ni nini. Ukivikusanya vyote pamoja uzito wake ni kama gramu moja au mbili tu. Hivyo ndivyo vitoavyo insulini, na insulini ndiyo ufunguo unaoufungua mwili ili sukari itokayo katika ugali, viazi na wali iingie na kuwa nguvu. Katika kisukari kinachowapata watoto, askari wa mwili wenyewe, ambao kazi yao ni kupigana na vijidudu, hukosea na kuziua chembe hizo. Hapo sukari hubaki katika damu bila faida. Mtoto hukojoa mno, huona kiu isiyokwisha, hula na bado hukonda. Hatimaye mwili huanza kuyachoma mafuta yake wenyewe, na damu hujaa tindikali. Harufu ile ya matunda aliyoinusa baba huyu ilikuwa ndiyo dalili yake. Hatuzungumzi hapa juu ya kisukari cha watu wazima, ambacho mara nyingi hutulizwa kwa vidonge na kwa kuangalia chakula. Mtoto wa Dutwa hana insulini yake mwenyewe, na asiyekuwa nayo kabisa hawezi kuishi.

Sasa tulitazame neno la majirani, wasemao kwamba dawa isiyomaliza ugonjwa si dawa. Basi na tuwaulize: Je, kuna yeyote kati yenu aliyekula ugali siku moja akashiba mpaka kufa kwake? Je, kuna aliyevuta pumzi asubuhi ikamtosha mpaka jioni? Wala hakuna asemaye kwamba ugali umeshindwa kuimaliza njaa, na kwa hiyo tuuache. Kosa la majirani ni kudhani kwamba insulini ni dawa kwa maana ile ambayo dawa ya malaria ni dawa. Dawa ya malaria huingia mwilini ikamfukuza adui, kisha kazi yake ikaisha. Insulini haimfukuzi mtu. Ni riziki iliyopungua mwilini, nasi tunairudisha kwa mkono. Na riziki, kwa desturi ya Mwenyezi Mungu, huja kila siku, tena huja kwa njia ya kazi.

Tena wewe uliye mzima wa afya, msomaji, usidhani kwamba huitumii. Kongosho lako linaitoa sasa hivi, wakati unaposoma ukurasa huu. Huitoa kidogo kidogo wakati ulalapo, na huiongeza kila utiapo tonge kinywani. Hukuiomba, wala hukuwahi kuishukuru. Mtoto huyu hupata mara 2 kwa siku, kwa maumivu, kitu ambacho wewe hukipata kila dakika bila kujua. Ni nani basi kati yenu anayemtegemea Mungu zaidi? Sisi hatuoni tofauti, isipokuwa kwamba yeye anajua kuwa anategemea.

Lakini, huenda msomaji akasema, miujiza je? Kurani Tukufu inatueleza habari za Bibi Mariamu aliposhikwa na uchungu wa kuzaa, akiwa peke yake chini ya mtende. Mwenyezi Mungu aliweza kumshushia tende mapajani mwake bila yeye kuinua kidole. Hata hivyo aliamrishwa alitikise shina la mtende. Fikirini, ni nguvu gani aliyo nayo mwanamke katika saa ile hata aweze kuutikisa mtende, ambao wanaume wenye afya huona taabu kuutikisa? Tende zilikuwa za Mungu, lakini mkono ulitakiwa uwe wa Mariamu. Vivyo hivyo Nabii Ayubu, aliyeteseka kwa muda mrefu na kuomba kwa unyenyekevu, alipojibiwa aliambiwa aipige ardhi kwa mguu wake, ndipo yakatokea maji ya kuoga na kunywa. Maombi yake yalikubaliwa, na kukubaliwa kwenyewe kulikuwa ni kuonyeshwa njia ya kutumia.

Mabedui walipomwuliza Mtume Muhammad s.a.w. kama watumie dawa, aliwaambia wazitumie, kwani Mungu hakuleta maradhi bila kuyaletea dawa, ila uzee. Na yule aliyemwuliza kama amfunge ngamia wake au amwache na kumtegemea Mungu alijibiwa kwamba amfunge kwanza, kisha ategemee. Wengi hulikumbuka jibu hili na kusahau kwamba ngamia hafungwi mara moja katika maisha yake. Hufungwa kila msafiri anaposhuka.

Tena iko habari ya Seyidna Umar r.a., alipokuwa safarini kwenda Sham akapewa habari kwamba tauni imeingia huko, akaamua kurudi pamoja na watu wake. Sahaba mkubwa Abu Ubaida alimwuliza kama anaikimbia kudura ya Mungu. Umar alimjibu kwamba anatoka katika kudura moja ya Mungu na kwenda katika kudura yake nyingine, akampigia mfano wa mchungaji aliye na bonde lenye pande mbili, upande mmoja wa majani na wa pili mkavu. Popote atakapochunga, amechunga kwa kudura ya Mungu. Watu wa Bariadi ni wachungaji, mfano huu hauhitaji kufafanuliwa kwao. Kisukari cha mtoto ni kudura, na kichupa cha insulini ni kudura pia. Mchungaji awezaye kuona majani upande wa pili, kisha akawaacha ng'ombe wafe upande mkavu kwa jina la imani, hana imani. Ana uvivu, au anaogopa maneno ya watu.

Juu ya waganga tutasema machache. Baba anaandika kwamba aliambiwa mizimu ya ukoo inamdai mtoto jina, na kwamba mbuzi mmoja angetosha. Ndugu yetu, chembe za kongosho zilizokufa hazifufuki kwa damu ya mbuzi. Anayekuambia uache sindano hatakuwapo usiku ule mtoto atakapoanza kutapika.

Wala tusiwanyoshee kidole waganga wa vijijini peke yao. Watu wa kanda ya ziwa wanaukumbuka mwaka 2011, wakati maelfu kwa maelfu walipofunga safari kwenda kijiji cha Samunge huko Loliondo, upande wa pili wa Serengeti, kunywa kikombe cha mchungaji mstaafu Ambilikile Masapila, aliyejulikana kwa jina la Babu. Kikombe kilikuwa kwa shilingi 500 tu, kwa hiyo haifai kumdhania kwamba alitaka kuwanyonya maskini. Naye alisema aliagizwa na Mungu katika ndoto. Kikombe hicho kilisemwa kuponya UKIMWI, saratani, na kisukari pia. Magari yalipanga foleni ya kilometa nyingi, na wagonjwa wengine wakafia njiani kabla hawajakiona kikombe. Walikwenda maskini na mawaziri, Waislamu na Wakristo. Babu amefariki mwaka 2021, na hukumu yake iko kwa Mola wake. Lakini kwa mtu asiyekuwa na insulini mwilini, kikombe kimoja kinachokunywewa ili sindano iachwe ni hatari ile ile, hata kikinywewa kwa jina la Mungu, hata kikitolewa kwa nia njema. Nia njema haiingizi sukari mwilini.

Tuje sasa kwenye swali la uhalali. Habari aliyoisikia ndugu yetu si uongo, ila ni ya kale. Insulini ilipatikana Toronto, nchini Kanada, katika mwaka 1921, kwa kazi ya Frederick Banting na Charles Best, katika maabara ya Profesa Macleod. Baadaye James Collip akaisafisha. Mtu wa kwanza kuchomwa alikuwa mvulana wa miaka 14, Leonard Thompson, tarehe 11 Januari 1922. Alikuwa amebaki mifupa na ngozi, kwa sababu kabla ya hapo matibabu yalikuwa ni kumnyima mgonjwa chakula ili afe polepole badala ya upesi. Sindano ya kwanza haikuwa safi, haikufaa. Ya pili, baada ya siku 12, ilimwinua. Wakati huo, na kwa miaka mingi iliyofuata, insulini ilitolewa katika makongosho ya ng'ombe na nguruwe. Lakini tangu mwaka 1982 imekuwa ikiuzwa insulini ya namna ya binadamu, inayotengenezwa na vijidudu vilivyofundishwa kazi hiyo katika viwanda, na hiyo ndiyo itumikayo sana siku hizi hospitalini kwetu. Na hata kama ingekuwa ile ya kale, Kurani Tukufu imemwondolea dhambi aliyelazimika bila kutamani. Kama kuna atakayesema kwamba walioigundua hawakuwa Waislamu, basi ajue kwamba Mtume s.a.w. alimwelekeza sahaba wake Saad kwa tabibu wa kabila la Thakifu, Harith bin Kalada, ambaye wengi wa wanazuoni wanasema hakuwa Mwislamu.

Yule mvulana Leonard aliishi miaka 13 zaidi, kwa sindano, mpaka alipofariki kwa nimonia katika mwaka 1935. Wengine wameishi zaidi sana. Hospitali ya Joslin ya mjini Boston, Marekani, tangu mwaka 1970 hutoa nishani kwa walioishi miaka 50 kwa insulini, na siku hizi wako hata waliotimiza miaka 75. Hesabu mwenyewe sindano zao. Hakuna hata moja katika hizo iliyokuwa "dawa iliyoshindwa".

Na mtambo wa Ulaya? Kweli upo. Mapema katika miaka ya 1960 daktari Arnold Kadish wa Los Angeles alitengeneza wa kwanza, mkubwa kama mzigo wa mgongoni wa askari. Katika mwaka 1978 madaktari wa London, akiwamo John Pickup, walitangaza pampu ndogo iwezayo kuvaliwa. Ya leo ni kama simu ndogo ya mkononi. Hufungwa kiunoni, na kutoka humo hupita mrija mwembamba unaoingia chini ya ngozi ya tumbo, ambao hubadilishwa kila baada ya siku 2 au 3. Huidondosha insulini kidogo kidogo usiku na mchana, na mvaaji hubonyeza kitufe cha kuongeza anapotaka kula. Kila tuusomapo mtambo huu, pamoja na betri yake na hesabu zake, tunastaajabu kwamba wataalamu wa nchi tajiri wametumia miaka zaidi ya 60 kuiga, tena kwa kukaribia tu, kazi ya zile gramu mbili ambazo mchungaji wa Dutwa alizaliwa nazo bure.

Lakini baba asidhani kwamba bila mtambo huo mwanawe amehukumiwa. Kati ya mwaka 1983 na 1993 madaktari wa Marekani na Kanada waliwafuata wagonjwa 1,441. Waliotunzwa kwa uangalifu mkubwa, sukari yao ikikaribishwa na ya mtu mzima wa afya, walipungukiwa na maradhi mapya ya macho kwa asilimia 76. Nao, baadhi yao walitumia pampu, na baadhi sindano 3 au zaidi kwa siku. Kilichowaokoa ni uangalifu. Ni kweli pia kwamba huko Sweden, katika utafiti wa watu zaidi ya 18,000 uliotangazwa mwaka 2015, waliovaa pampu kwa miaka walikufa kwa uchache zaidi kutokana na maradhi ya moyo kuliko waliochoma sindano. Watafiti wenyewe hawakuthubutu kusema kama sababu ni mtambo, au ni mafunzo na kupima damu mara nyingi ambako wavaaji hupewa. Isitoshe, pampu huwa na insulini ya haraka peke yake. Mrija ukiziba au betri ikifa, katika muda wa saa chache mvaaji huwa katika hali ile ile aliyoiona baba usiku wa pikipiki. Mahali ambapo mirija na vipimo havipatikani dukani, sindano ya mkono ni salama zaidi. Mwulize daktari kama sindano 2 zaweza kuwa 3 au 4, na namna ya kupata vipimo vya damu nyumbani; hilo lina faida kubwa kuliko kuutamani mtambo.

Hata hivyo hatutasema kwamba umaskini ni sawa. Wenye haki ya kuimiliki insulini waliiuza kwa Chuo Kikuu cha Toronto kwa dola moja moja, ili isiwe mali ya mtu. Na leo, zaidi ya miaka 100 baadaye, wako watoto wanaokufa kwa kukosa kichupa kimoja. Mpango wa kuwapa watoto insulini bure, ulioanzishwa mwaka 2009 kwa jina la Changing Diabetes in Children, umefika Tanzania pia. Ndugu yetu aulize habari zake katika hospitali ya rufaa ya mkoa iliyoko Bariadi. Na jamaa wenye uwezo katika kijiji wasingoje aulize.

Aliuliza pia kama mvaaji wa pampu aweza kusali na kufunga. Kusali, ndiyo, chombo hicho si najisi, na wengi huweza kukiondoa kwa muda mfupi wakati wa kuoga. Kuhusu kufunga, Kurani Tukufu imempa ruhusa mgonjwa, na ambaye ugonjwa wake ni wa kudumu humlisha maskini badala yake. Mtoto huyu, ambaye hajafika bado umri wa kufunga na ambaye njaa baada ya sindano yaweza kumtia jasho, kutetemeka na hata kuzimia, asishurutishwe na mtu yeyote, siku atakapoupenda Uislamu, kufunga ili kuonyesha imani. Anayeikataa ruhusa ya Mungu anajifanya mcha Mungu kuliko Mungu alivyotaka. Mfukoni mwake awe na sukari au pipi siku zote, shuleni na machungani.

Limebaki jambo ambalo baba hakuuliza, bali amelitaja kwa kupita tu: kwamba nyumbani hakuna umeme, na vichupa hukaa juu ya kabati chini ya bati. Hilo libadilishwe leo. Vichupa visivyofunguliwa viachwe katika jokofu la zahanati kama wauguzi watakubali. Kile kinachotumika kikae ndani ya mtungi wa udongo wenye maji nje yake, kivulini, kikiwa kimefungwa vizuri kisilowe. Katika kambi ya wakimbizi ya Dagahaley, kaskazini mashariki mwa Kenya, joto la nyumba lilipimwa likawa kati ya nyuzi 25 na 37. Na utafiti uliotangazwa mwaka 2021 ulionyesha kwamba insulini iliyokaa katika joto la kupanda na kushuka namna hiyo haikupoteza nguvu kwa wiki 4. Joto la chini ya bati adhuhuri hupita hapo.

Tena baba anasema kwamba jamaa na majirani bado hukusanyika kwake kila Alhamisi jioni kumwombea mtoto, naye sasa anaona haya kuwakaribisha. Asiwakataze. Waje, wamwombee, nasi tunamwombea pamoja nao. Ila kabla hawajainua mikono, mmoja wao amwulize mtoto kama amekwisha kuchomwa sindano ya jioni, na kama bado, wangoje.